Mimba Haiahidiwi kwa Chupa

Mwenye kiu huuziwa hata maji ya bahari. Ndivyo anavyofanyiwa mwanamke aliyepita miaka 40 anayetibiwa ili apate mtoto: huambiwa kuwa vidonge vya vitamini E au koenzaimu Q10, kwa kukinga seli zisiharibike, vitayahuisha mayai yake. Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane walipitia majaribio 63 ya vidonge vya aina hiyo, yaliyohusu wanawake 7,760. Ushahidi waliukuta dhaifu. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo huzeeka pamoja naye. Hatuwalaumu kina mama hao. Tunauomba Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uondoe madukani kila chupa inayoahidi mimba. Matumaini ya mzazi yasigeuzwe bidhaa.