Msivunje Kiota cha Mtikisa-Mkia

Yuko ndege mdogo ambaye kila mtoto wa kando ya ziwa letu hapa Mwanza amemwona, ingawa ni wachache waliomtazama. Mgongo wake ni mweusi, tumbo ni jeupe, na kifuani ana utepe mweusi; juu ya jicho ana mstari mweupe. Hutembea juu ya majabali na kingo za mitumbwi, huku akitikisa mkia wake mrefu. Basi na tumwite mtikisa-mkia. Ndugu yake mwenye mgongo wa kijivu hukaa milimani, kama kule Usambara, penye vijito viendavyo kasi kati ya mawe. Lakini huyu wetu amechagua kukaa karibu na watu.

Kiota chake hukitengeneza kwa nyasi na mizizi, ndani hutandika nywele na manyoya, akakiweka katika tundu la ukuta, au chini ya paa, au hata ndani ya chombo kilichofungwa ufukoni. Jike hutaga mayai 3 au 4. Mume na mke huyaatamia kwa zamu siku 13 hivi, kisha huwalisha makinda wadudu majuma mawili na zaidi, hata waweze kuruka.

Naona ni vibaya kukichezea kiota hicho. Mvulana mmoja alinijibu, "Mwalimu, Torati yaruhusu kuchukua makinda, mradi mama yao aachwe." Ni kweli, imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22. Lakini sheria ile ilimfundisha mtu kujizuia hata alipotwaa chakula njiani. Ninyi je, mna njaa? Kinda la siku tatu halijazi kijiko. Mwalitwaa kwa mchezo, na jioni limekufa.

Mimi nami nilipokuwa mtoto nilivunja kiota kimoja ndani ya mtumbwi wa mjomba wangu. Wale wawili walirudi na wadudu midomoni, wakazunguka mahali pale hata jua likachwa. Sijasahau mpaka leo.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu hula nzi na vijidudu vitusumbuavyo, wala haombi ujira. Mkitaka kumjua, keteni mbali kidogo, mkahesabu siku zake tangu yai la kwanza. Mtajifunza mengi kuliko yule aliyemshika mkononi.