SIKU MOJA MU LUBUMBASHI: TUPUNGUZE PAHALI, TUSIPUNGUZE WATU



Munajua kwamba sisi wa mwaka wa mwisho tutafanya matembezi ya siku moja Lubumbashi, mbele ya Egzameni ya Serikali. Tangu wiki mbili habari ni ile tu, asubui na mangaribi. Kamati imekwisha kuandika orodha ya pahali kumi: Muzé, bustani ya wanyama, kanisa kubwa la Petro na Paulo, Universite, kiwanja cha Tshombe, uwanja wa ndege wa Luano, stadi ya Mazembe, kilima cheusi cha Gécamines na shemini yake, soko, na magazini.

Tuseme kweli: sisi makapita ndio tuliandika ile orodha. Leo tunasema kwamba tulikosea.

Tufanye hesabu pamoja. Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 120. Lami iko, lakini makamyo ya madini ni mengi, na bisi haiwezi kukimbia. Tuweke saa tatu za kwenda na saa tatu za kurudi. Tukitoka saa kumi na moja ya asubui, tutafika saa mbili. Jua linalala karibu saa kumi na mbili, na hakuna muzazi anayependa mutoto wake asafiri usiku mu ile njia. Basi tutoke kule saa tisa. Inabaki saa saba. Tutoe saa moja ya kula: inabaki sita. Kwa pahali kumi, ni dakika 36 kila pahali, na ndani ya zile dakika kuko kupanda bisi, kushuka, kuhesabu watu, na kungoja yule mwenye alipotea. Tutaona nini? Tutaona bisi.

Wakubwa wetu walifanya vile. Waliporudi, mwalimu aliwaomba waandike mambo waliyoona. Karibu wote waliandika: «Lubumbashi ni muji mukubwa, tulifurahi sana.» Ile hata mutu mwenye hajafika kule anaweza kuiandika. Na wane kati yao hawakuandika kitu, juu walibaki hapa Buluo. Wazazi wao walikosa feza. Tunawakumbuka wakisimama ku mulango, wakipunga mikono mpaka bisi ikapotea.

Sisi tunaleta shauri la pahali tatu tu.

Ya kwanza ni Muzé, yenye ilianzishwa mwaka wa 1946. Kule tuombe watuonyeshe misalaba ya shaba, feza ya wazee wetu mbele ya franka. Tatu kati ya ile misalaba ziliwekwa mu bendera ya Katanga ya 1960. Tunazaliwa mu inchi ya shaba, makamyo yanapita mbele yetu kila siku, na wengi wetu hawajui kwamba wazee waliyeyusha shaba mbele kampani yoyote haijafika.

Ya pili ni kutembea kwa miguu katikati ya muji, pole pole, na daftari mukononi: jengo la tiatre ya zamani, kanisa kubwa, kiwanja cha Tshombe. Miguu haiombi mafuta. Na pale tukumbuke tarehe 9 desemba 1941, siku askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière wenye walikusanyika mu stadi kuomba mushahara. Ule mugomo ulifika hata hapa kwetu Likasi, wakati ule Jadotville. Nkambo za wengi wetu walikuwa mu ile kazi. Tukumbuke pia kwamba Simon Kimbangu alikufa mu ule muji mwaka wa 1951, baada ya kifungo cha miaka 30.

Ya tatu ni bustani ya wanyama. Tule kule, tucheke, tupige picha. Si lazima kila kitu kiwe somo.

Na njiani tusilale: mu daraja la Lufira, mu septemba 1961, kulikuwa vita ya askari wa ONU na wa Katanga. Kuiangalia ku dirisha ni bure.

Wengine wanasema: «Tutarudia lini tena? Tuone byote!» Tunawaelewa, juu kati yetu kuko wenye hawajafika Lubumbashi hata siku moja. Lakini mwenye kukimbia mu soko lote anarudi na kitunga bure. Na njo hapa neno letu kubwa liko: bisi ikizunguka kidogo, mafuta yatabaki, milango ya kulipia ikipunguka, feza itabaki. Ile feza ilipe nafasi ya wenye wamekosa. Isipotosha, tupunguze pahali pengine tena. Sisi tuliingia hapa pamoja, na haya ni matembezi yetu ya mwisho.

Tunaomba kamati iandikie Muzé barua juma hili, iulize siku, saa na bei, mbele ya kuchukua feza ya mutu yeyote. Mwenye neno lingine alilete ku mukutano wa kalasi. Tutalisikiliza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, kwa jina la makapita wote