Mtengeneza Bia Mdogo wa Same Asikimbilie Hopsi za Nje

Tabia ya soko la tangawizi wilayani Same inajulikana kwa kila mchuuzi wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha. Mavuno yakikutana, bei huporomoka na mwenye lori ndiye anayeipanga. Mzigo huteremshwa kutoka Mamba Miamba na vijiji jirani ukiwa mbichi, na faida ya kuusindika huonekana mahali pengine.

Kwa sababu hiyo, mwenye mtaji mdogo anayetaka kuanza kutengeneza bia ya nyumbani ya aina ya IPA anapaswa kupiga hesabu mara mbili kabla ya kuagiza hopsi kutoka nje. Mbinu inayosifiwa sana ya kutia hopsi mfululizo ni nzuri, lakini kwa mazingira ya Same ingefaa zaidi ikitumiwa kwa tangawizi.

Hesabu ya hopsi

IPA ni bia yenye uchungu mwingi, iliyopata jina lake katika biashara ya Waingereza na India. Uchungu na harufu yake hutokana na hopsi, yaani maua makavu ya mmea unaotambaa. Mmea huo hutaka mchana mrefu wa kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta. Barani Afrika hulimwa karibu na mji wa George, Afrika Kusini. Same, yenye mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima, haina nafasi katika kilimo hicho. Kila gramu ya hopsi ni fedha za kigeni.

Hopsi zikichemka muda mrefu hutoa uchungu, lakini harufu huondoka na mvuke. Zikitiwa mwishoni, harufu hubaki na uchungu huwa kidogo. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutia mara mbili au tatu.

Mmarekani Sam Calagione, wa kiwanda cha Dogfish Head katika jimbo la Delaware, alikwenda mbali zaidi. Baada ya kumwona mpishi katika televisheni akitia pilipili kwenye supu kidogo kidogo, alichukua ndoo, akaitoboa, akaiweka juu ya ubao wa mchezo wa kitoto unaotikiswa na umeme. Hopsi zikawa zinadondoka ndani ya sufuria bila kukoma. Bia yake ya 90 Minute IPA, inayotiwa hopsi kwa dakika 90 mfululizo, iliingia sokoni mwaka 2001.

Nyumbani kazi hiyo hufanywa kwa mkono: hopsi hupimwa, zikagawanywa katika mafungu madogo, na fungu moja likatiwa kila dakika. Ladha hupatikana, lakini gharama nayo hupanda. Hopsi zinazotiwa mfululizo kwa saa moja hutoa takriban theluthi mbili tu ya uchungu ambao kiasi hicho hicho kingetoa kama kingetiwa chote mwanzoni. Penye gramu 60, zitahitajika 90 hivi ili kufikia uchungu ule ule.

Mlimani hasara huongezeka. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100, na uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi. Mmarekani mwenye soko la bia ya bei ya juu aweza kubeba gharama hiyo. Mtu wa Same mwenye sufuria moja na mkopo wa kikundi hawezi.

Tangawizi mlangoni

Tangawizi nayo hubadilika kwa moto. Ikichemka muda mrefu ukali wake hupoa na kuelekea utamu, na mafuta yenye harufu hupotea. Ikitiwa mwishoni hubaki na harufu na mwasho wa shambani. Iliyokaushwa huwa kali kuliko mbichi. Kwa hiyo ratiba ya kutia huleta tofauti ile ile inayotafutwa kwenye hopsi, kwa mali ghafi inayopatikana bila dola.

Hakuna haja ya mafungu sitini. Katika sufuria ya lita 20, nusu kilo ya tangawizi iliyopondwa yatosha kwa majaribio. Robo itiwe mwanzoni, robo dakika ya 20, robo dakika ya 40, na iliyobaki moto unapozimwa. Uzito na muda viandikwe daftarini, kwani mnunuzi hurudi kwa ladha aliyoizoea.

Tahadhari zipo. Tangawizi huleta ukali, haileti uchungu wa IPA, wala haipaswi kutegemewa kuhifadhi bia kama hopsi. Wapishi wa mbege mkoani Kilimanjaro hupata uchungu kwa magome ya msesewe, lakini mti huo ni wa jamii ya mimea inayotoa dawa ya kushusha shinikizo la damu. Kiasi chake kisichopimwa si kitu cha kutia katika chupa ya kuuza.

Mnunuzi ni nani?

Mwekezaji asisahau pia soko lake. Wasabato waliingia Upare mwaka 1903 kupitia Giti, huko huko Mamba, na wako wengi hadi leo. Waislamu nao ni wengi. Hao wote hawanywi pombe, lakini tangawizi wanainywa, na soda ya Stoney Tangawizi imeonyesha kwamba ladha hiyo ina wateja. Sufuria ile ile, kwa ratiba ile ile, bila hamira, hutoa kinywaji kwa ajili yao. Kilichotiwa hamira kisiuzwe kwa jina hilo, maana huwa na kilevi, na kikiendelea kuchacha chupa hupasuka.

Kwa upande wa sheria, pombe ya kuuza huhitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Kinywaji cha chupa huhitaji pia kibali cha TBS na stempu za kielektroniki za TRA. Waliowekeza kwenye viroba wanakumbuka Machi 2017, biashara ilipopigwa marufuku na mtaji ukabaki stoo.

Ushauri ni kuanza na kinywaji kisicho na kilevi, kununua tangawizi wakati bei iko chini, kukausha sehemu yake kwa ajili ya miezi ya uhaba, na kuingia kwenye bia baada ya soko kujulikana. Hopsi zinunuliwe kwa gramu chache tu, kwa kazi ambayo tangawizi haiiwezi. Kila kilo inayopikwa Same ni kilo moja ambayo mwenye lori hataipangia bei.