Ati Watu Wetu Hawasomi

Liko neno moja ambalo mabingwa wa elimu hulipenda kama wazee wapendavyo kahawa: ati watu wetu hawasomi. Hunenwa katika mikutano ya vitabu, hurudiwa katika hotuba za mahafali, tena huandikwa katika dibaji za vitabu ambavyo mtu mwenye akili timamu angetaka ujira ili avimalize. Ushahidi hautolewi. Neno hutajwa kama dua, na wasikilizaji huitikia kwa kutikisa vichwa, kila mmoja akiwa na yakini kwamba hao wasiosoma ni wengine.

Bingwa huyo na arudi nyumbani kwake atazame. Vitabu vyake vimo katika kabati la vioo sebuleni, na ufunguo umo mfukoni mwake; watoto wana ruhusa ya kuona migongo ya majalada. Akiketi jioni kusoma, mkewe humwuliza kama anaumwa. Mama mkwe huuliza pembeni kama ana deni. Shemeji aliyefika kutoka safari husogeza kiti karibu naye kwa huruma, asije akabaki mpweke. Bingwa hukasirika, akasema kuwa nyumba yake ni adui wa elimu. Humo hamna adui wa elimu. Katika nyumba ya watu wengi, mtu aliyefumba mdomo na kuficha uso amejitenga na wenzake, na aliyejitenga hana budi kuulizwa habari. Mama mkwe huyo huyo, akisomewa barua au gazeti, hudai aya irudiwe, hubisha, humlaumu waziri, na kesho yake humsimulia jirani yote bila kuangusha neno. Kama huko si kusoma, basi wenye elimu na watueleze kusoma ni nini.

Kwa maana Kiswahili kimesomwa kwa sauti tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, hakuutunga ili ukae kabatini. Ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa moyoni na kughaniwa na wanawake ambao hakuna hotuba iliyopata kuwahesabu katika wasomaji. Wala mambo hayo si ya kale tu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 waliketi katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomeana kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatwaa majembe wakaenda kuchimba vyoo. Ni tasnifu ngapi za chuo kikuu zinazoweza kujisifu kwamba ukurasa wake mmoja umechimbisha choo?

Na kanga je? Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 vazi hili limebeba maandishi, hapo kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Mke wa bingwa huchagua jina la kanga dukani kwa uangalifu kuliko mumewe achaguavyo kichwa cha makala yake. Hupita mara moja mbele ya nyumba ya wifi, na mtaa mzima umekwisha kusoma, umekwisha kufasiri, umemtambua anayesemwa, na jibu limekwisha kununuliwa. Mhakiki gani alipata kusomwa kwa haraka namna hiyo? Pengine mtu pekee ambaye hakulisoma jina lile ni bingwa mwenyewe, maana alikuwa akiandika juu ya uhaba wa wasomaji.

Safarini ushahidi ni mwingi zaidi. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwazoeza wasafiri kukaa pamoja mchana na usiku, na aliyefungua kitabu kati ya watu wanaogawana mihogo alionekana kama mtu anayekula peke yake. Gazeti ni shauri jingine. Ndani ya basi gazeti halina mwenyewe. Aliyelinunua ni mdhamini tu. Jirani wa kulia humwambia, "Usifunue kwanza, kaka, sijamaliza," na wa nyuma huomba asomewe ile habari ya chini kwa kuwa miwani imo ndani ya begi. Hata Morogoro kurasa za michezo zimo mikononi mwa utingo, habari za siasa zimefungiwa karanga, na mwenye gazeti ameachiwa matangazo ya zabuni. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari, lakini tabia imepanda nayo: mtu hupokea ujumbe katika simu, akausoma kwa sauti, na behewa zima likampa ushauri.

Ni kweli viko vitabu vinavyotaka ukimya, na hakuna aliyejifunza hesabu za juu huku akigawiwa mihogo. Lakini shtaka la mabingwa halisemi hivyo. Lingesema hivyo, lingejibika kwa taa, meza na chumba. Walionavyo wao, kasoro imo katika watu, na kwa hila hiyo mwandishi aliyeandika sentensi za kuvunja meno hupata faraja: kitabu chake hakikununuliwa, basi taifa ndilo lililoshindwa. Na akisome kwa sauti mbele ya mama mkwe wake, kurasa mbili tu, aone ni nani atakayesinzia kwanza.

Anayelipa gharama ya neno hili ni mwanafunzi. Huambiwa kwa miaka mitatu kwamba kwao hawasomi, akaamini. Akirudi likizo huketi barazani na kitabu cha mtihani, na bibi yake humwuliza, "Unasoma nini, mjukuu wangu?" Hujibu kwa upole, maana amelelewa vema, "Huwezi kukielewa, bibi." Kitabu chenyewe, mara nyingine, ni cha tenzi.