Sinki la jikoni si pambo la nyumba

Mtumishi wa umma anayejenga nyumba yake kidogo kidogo, kwa mkopo wa benki au kwa akiba ya chama cha akiba na mikopo, huwa na orodha ndefu ya mambo ya kuyapigia hesabu: tofali, nondo, saruji, bati, milango na madirisha. Sinki la jikoni huja mwisho kabisa, siku ambayo fedha na subira vimekwisha pamoja. Huingia dukani, akayatazama masinki yaliyopangwa, akachagua linalong'aa kuliko mengine, kisha akampa fundi alipachike. Baada ya miezi michache vyombo vya nyumba hiyo vinaoshwa uani katika beseni, mwoshaji ameinama au ameketi juu ya kibao, na lile sinki limekuwa mahali pa kuwekea vitunguu.

Hali hiyo haitokani na uvivu wa mama wa nyumba, kama waume wengine wanavyopenda kudai. Chanzo chake ni kwamba sinki limenunuliwa kama kabati la sebuleni linavyonunuliwa, kwa macho. Ilhali sinki ni kituo kimoja tu katika safari ya maji. Maji huja kutoka bombani au kwenye tangi, husimama kidogo mbele ya mikono ya mtu, kisha huenda zake. Mnunuzi akikifikiria kile kituo cha katikati peke yake, amenunua bakuli la bati lenye tundu.

Katika nyumba ya Kiswahili ya miji ya pwani jiko lilikuwa uani, na maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa pale pale yakanywewa na mchanga. Mpango huo ulikuwa na akili yake. Lakini jiko lilipohamia ndani ya nyumba, maji yalihama nalo, na mahali pa kuyapeleka hapakuhamishwa. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam hawajaunganishwa na mtandao wa majitaka, na mikoani hali ni hiyo hiyo au ngumu zaidi. Basi fundi hutoboa ukuta, akachomoza kipande cha bomba, na maji ya mchuzi na sabuni yakatiririka katika njia ya jirani. Kesi za namna hiyo hazikosekani mbele ya wenyeviti wa serikali za mitaa, na aghalabu washtakiwa ni watu waliosoma.

Madhara yake si harufu tu. Mbu aina ya kyuleksi, ambaye katika miji ya pwani na Zanzibar ndiye aenezaye matende na mabusha, hupenda kutaga katika maji machafu yaliyotuama. Anayeacha dimbwi la maji ya jikoni nyuma ya nyumba yake anamfugia jirani ugonjwa. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vingi vikachimbwa kwa mikono yao wenyewe. Shimo la maji ya jikoni lastahili heshima ile ile iliyopewa choo, nalo ni rahisi zaidi kulichimba.

Kwa hiyo kazi ya kuweka sinki hapana budi ianzie nje ya nyumba. Shimo lichimbwe mbali na msingi, na lisikaribie kisima. Umbali wa mita 30 ni kipimo chema. Lijazwe mawe ili maji yanywewe na ardhi taratibu. Kabla ya maji kulifikia shimo hilo yapite katika kisima kidogo cha matofali chenye mfuniko, ambamo mafuta yataelea na makombo yatazama, ili vitolewe kwa mkono kila baada ya muda. Watu wengi hukiacha kisima hicho kwa kuona ni gharama ya bure. Wamesahau chakula wanachokila. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo Njombe na Mbeya hutokea karibu kila siku ya mwaka, na hata Dar es Salaam hutokea usiku wa mwezi Julai. Yakiganda ndani ya bomba au juu ya mawe ya shimo, kazi yote imekwisha.

Tena kuna mchanga. Masufuria yaliyopikiwa kwenye kuni husuguliwa kwa majivu na mchanga, na mchanga huo ukiingia katika sinki hutulia pale bomba lilipopinda. Wako mafundi ambao, ili kuepuka usumbufu huo, huliondoa pindo lenyewe na kulishusha bomba moja kwa moja. Hilo ni kosa kubwa. Lile pindo kama shingo ya bata halikuwekwa kwa urembo: maji kidogo hubaki ndani yake na kuziba njia ya harufu na mende wanaopanda kutoka shimoni. Fikra hiyo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1775 na mtengenezaji wa saa, Alexander Cumming, kwa ajili ya choo, na hadi leo haijapatikana nyingine iliyo rahisi kuishinda. Dawa ni kununua pindo linalofunguliwa kwa mkono, kuweka kichujio kwenye tundu la sinki, na kuyasugua masufuria ya masizi nje. Kutoka hapo bomba literemke sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Shimo likiwa mita 8 kutoka jikoni, mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 20 kuliko mwanzo wake. Fundi asiyetoa pima maji yake mfukoni katika hatua hii anabahatisha kwa fedha za mwenye nyumba.

Liko jambo jingine ambalo huamuliwa na wanaume wawili, mwenye nyumba na fundi, bila kumwuliza anayehusika: kimo. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, alikiri kwamba wanawake katika jamii ya jadi walibebeshwa kazi kupita haki yao, na akaihesabu hali hiyo kuwa kasoro ya jamii hiyo. Kasoro hiyo imeingia katika nyumba za matofali ya saruji ikiwa na mavazi mapya. Sinki likiwekwa chini mno, mgongo utauma kila siku ya maisha ya mwoshaji. Likiwekwa juu mno, maji yatamtiririka hadi viwikoni na kifuani. Kipimo hakihitaji kitabu. Mwenye kuosha asimame wima, akunje mkono, na mdomo wa sinki uwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 5 hadi 10. Watoto, wa kiume na wa kike, watawekewa kibao cha kusimamia, kwa maana kazi hiyo si ya dada zao peke yao.

Kuupima mwili wa mtu na hatua zake jikoni ni elimu iliyokwisha kufanyiwa kazi. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo la familia za wafanyakazi, mita 1.9 kwa 3.4 hivi, akihesabu hatua na dakika ili kazi ya mwanamke ipungue. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Aliyesimamia mpango huo wa nyumba, Ernst May, baadaye alikuja Tanganyika, mwaka 1934, akawa mkulima kabla ya kuirudia kazi ya usanifu akiwa Nairobi. Watu hao hawakudhani kwamba mahali pa kuoshea sahani ni jambo dogo mno kwa fikra za msomi.

Hayo yote yakiisha kupangwa, ndipo mtu aende dukani, na hapo kuchagua ni kwepesi. Achukue kamba iliyopimwa kwa sufuria kubwa kuliko yote ya nyumba yake, ile ya pilau. Masinki mengi yenye mabakuli mawili yalibuniwa kwa ajili ya sahani na vikombe. Sufuria ya pilau haiingii, na mtu huishia kuliosha nusu nusu huku maji yakimwagika sakafuni. Bakuli moja pana, lenye kina cha sentimita 20 hivi na sehemu ya kuchujia vyombo, lafaa zaidi. Anayesugua kwa mkono wa kulia huishika sahani kwa kushoto, hivyo sehemu hiyo ikiwa upande wa kushoto inamfaa.

Kung'aa kusimdanganye mtu. Bati nzuri ya chuma kisichoshika kutu, inayoitwa 304, ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Ile ya 201, iliyo rahisi, imepunguziwa nikeli na kutiwa manganizi, na katika hewa ya chumvi ya Tanga au Mtwara hupata madoa ya kutu mapema. Wauzaji wengine hutoa sumaku kuthibitisha ubora; sumaku haizitofautishi hizo mbili. Afadhali mnunuzi aulize namba, kisha abonyeze chini ya bakuli kwa kidole gumba: bati inayobonyea ni nyembamba mno. Na ile koki yenye mikono miwili, ya maji moto na baridi, katika nyumba isiyo na bomba la maji moto ni gharama ya kununua mkono usiofanya kazi.

Wapo watakaosema kwamba maji ya bomba yenyewe hayatoki kila siku, basi sinki la nini. Ni kweli kwamba lengo lililowekwa mwaka 1971, la kila mwananchi kupata maji safi katika umbali wa mita 400 ifikapo mwaka 1991, halikutimia kwa wakati uliopangwa, na mgao wa maji unajulikana hata mijini. Lakini hoja hiyo inalitetea sinki badala ya kulipinga. Ndoo yenye koki, ikiwekwa juu ya rafu kando ya sinki, inatosha kabisa, na maji yatokayo kwa uzi mwembamba hutumika machache kuliko ya beseni linalobadilishwa mara tatu. Asiye na uwezo wa bati ajenge karo la matofali lililoinuliwa hadi kimo cha mtu na kupigwa niru. Mgongo wa mwoshaji hautambui tofauti.

Walimu wanaoishi katika nyumba za shule hawana uchaguzi wa namna hiyo. Hupokea jiko kama lilivyoachwa na mkandarasi. Halmashauri zinazojenga nyumba hizo zinaweza kudai mchoro unaoonyesha shimo na bomba la maji ya jikoni tangu hatua ya msingi, kwa kuwa kulilaza bomba kabla ya sakafu ni kazi ya saa chache, na kulilaza baada ya sakafu ni kuivunja. Na siku ya kukabidhiwa jengo, kamati ya shule, wakiwamo akina mama, imimine ndoo mbili za maji katika sinki, ipapase chini ya pindo kwa karatasi kavu, halafu iende nyuma ya nyumba kutazama maji hayo yametokea wapi, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.