Hitilafu Ndogo Nayo Hujaza Kibaba

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hutumiwa kusifu akiba. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba hitilafu nayo hujaza kibaba.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Iraq liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, na kuwaua 28. Mtambo wa Patriot uliotegemewa kulitungua haukufyatua chochote. Saa ya mtambo huo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu 0 na 1 za kompyuta, kama vile theluthi isivyokwisha kuandikwa kwa desimali. Nafasi ilikuwa ya tarakimu 24, zilizobaki zikatupwa. Baada ya mtambo kufanya kazi mfululizo kwa muda wa saa 100, masalio hayo yalifikia takriban sekunde 0.34, nao ukalitafuta kombora mahali lisipokuwapo.

Basi kuiita hali hii "kosa" ni kupotosha. Kompyuta haina budi kukadiria, kwa kuwa nafasi yake ina kikomo. Kosa ni kutouliza masalio yamefikia wapi, ilhali kuuzima na kuuwasha mtambo kungeirudisha hesabu kwenye sifuri. Istilahi ifaayo ni "hitilafu ya ukadiriaji", yaani jambo la kupimwa na kuwekewa mpaka. Waundaji wa istilahi za Kiswahili wasiipuuze tofauti hiyo.