Foire ya biashara: mjasiriamali mdogo anaona faida kisha stendi kufungwa

Tangu Julai 2022, wakati Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wajasiriamali wadogo wa mashariki wamepata mlango mupya. Kila mwaka Jumuiya inapanga maonyesho ya biashara ndogo, yale yanayojulikana kwa jina la Jua Kali ao Nguvu Kazi. Yanahama kutoka inchi moja kwenda ingine: Kampala mwaka wa 2022, Bujumbura mwaka wa 2023, Juba mwaka wa 2024. Kando ya hayo kuko Sabasaba ya Dar es Salaam, kila mwaka kati ya mwezi wa sita na wa saba.

Kwa mtu wa Butembo, Bunia ao Kalemie, foire hizo mara nyingi ni karibu kuliko FIKIN, foire kubwa ya Kinshasa. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1.500, na bila ndege safari ni mateso. Lakini kupitia Kasindi, mtu wa Butembo anaingia Uganda kwa gari. Wa Kalemie anavuka ziwa Tanganyika na kufika Kigoma.

Mlango uko, lakini kuingia kuna bei. Na wengi wanaoanza biashara wanalipa bei hiyo na makuta ya likelemba, ao na deni.

Hesabu ya kufanya mbele

Tuseme kikundi cha vijana wanachoma kahawa na kuitia ndani ya mifuko ya gramu 250. Kwa kila mfuko wanabakia na dola 1 ya faida. Wanataka kwenda foire ya siku tano: nafasi ya stendi dola 100, usafiri wa watu na mizigo 60, kulala na kula 50, etiketi mpya na kahawa ya kuonjesha bure 40. Jumla dola 250.

Maana yake, wanapaswa kuuza mifuko 250, ni kusema zaidi ya kilo 62, ili tu warudishe feza yao. Stendi ndogo kwa siku tano ni vigumu kufikisha hapo. Wageni wengi wa foire wanakuja kutembea, wanaonja, wanasifu, kisha wanaenda. Anayehesabu foire kama soko atarudi nyumbani akisema amepata hasara, na pengine ni kweli.

Lakini kama ku foire hiyo kikundi kimepata duka moja linalochukua mifuko 60 kila mwezi, hata wakipunguza bei na kubaki na nusu dola kwa mfuko, ni dola 30 kwa mwezi. Kisha miezi tisa, gharama yote imerudi, na duka lingali linanunua. Hapo ndipo faida ya foire iko: ni mteja anayerudi kisha stendi kufungwa.

Wakulima wa kahawa wa Kivu wanajua jambo hilo. Ku mashindano ya Saveur du Kivu, hakuna anayetegemea kuuza kikombe kimoja kimoja. Waonjaji wanapima kahawa na kuipa alama, na wanunuzi wanajua ni cooperative gani ya kuongea nayo.

Mteja anauliza mambo matatu

Mwenye duka ao hoteli anapopenda kitu, anauliza bei ya jumla, kiasi kinachoweza kupatikana kila mwezi, na makaratasi. Wengi wanakwama hapo. Bei wanayoijua ni ya rejareja. Kuhusu kiasi, wanaahidi kuliko nguvu yao, na mwezi wa pili mzigo haufiki. Makaratasi nayo: RCCM inayotolewa ku guichet unique, na kwa vyakula, cheti cha OCC. Bila hayo, duka kubwa linaogopa kuchukua bidhaa, hata kama ni tamu.

Ku mipaka, Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyopita dola 2.000, kwa vitu vilivyotengenezwa ndani ya inchi wanachama. Ni vizuri kuuliza ku duane mbele ya safari, si siku ya kuvuka. Vitu vya kuonyesha tu vinavyorudi nyumbani, kama mashine, viandikwe wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi visihesabiwe kama vimenunuliwa ng'ambo.

Vita inabadilisha hesabu

Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu Juni 2022, Goma tangu Januari 2025. Benki za Goma zilifunga, uwanja wa ndege pia. Bariere za barabarani zinaongeza bei ya kila kilo. Kwa hiyo, mjasiriamali wa mashariki anayeahidi mzigo wa kila mwezi anaahidi jambo ambalo barabara inaweza kumukatalia.

Hiyo si sababu ya kukaa nyumbani. Ni sababu ya kwenda wengi pamoja. Stendi moja ya watengenezaji wane, wa sabuni, asali, kahawa na unga, inagawa gharama mara ine. Mmoja akikosa njia, mwenzake wa upande mwingine anaweza kutimiza sehemu ya commande. Na kwa anayeanza kabisa, foire ndogo ya muji wake, ya parokia ao ya chuo, ni shule ya bei ya chini.

Mbele ya kulipa stendi, basi, kikundi kijiulize: nani atakuja kununua kwa jumla, tunaweza kumupa kiasi gani kila mwezi, na nani atamupigia simu juma lile la kurudi? Kama jibu la swali la mwisho halipo, feza ya stendi inaweza kungoja mwaka ujao. Kwa sasa inunue etiketi na kulipia cheti.